Mume Wangu Alinitengenezea Kinga ya Meno, Nikaificha Kwenye Soksi

Shangazi yetu wa gazetini, shikamoo. Naomba unisaidie, na naomba pia usinichukie kabla hujafika mwisho wa barua hii, kwa sababu nimemdanganya mtu ambaye hajawahi kunidanganya hata siku moja, na sasa uongo wenyewe umeng'oa jino la mtu.

Mimi ni mwanamke wa miaka thelathini na minne, kazi yangu ni kutangaza mabasi stendi kuu, ile sauti inayosema abiria wa saa mbili wasogee mlango wa tatu ndiyo mimi, na huu ni mwaka wa tisa nimeolewa na fundi wa meno bandia, si daktari, fundi, yule anayekaa chumba cha nyuma cha kliniki na plasta na nta, anatengeneza meno kwa siku tatu halafu daktari anakuja kuyavika mdomoni mwa mgonjwa kwa dakika tatu na kupewa asante yote. Watu wote humwita Fundi, na mimi humwita hivyo hivyo. Alinipata dirishani kwangu stendi, akaja akauliza basi la saa nne linaondoka saa ngapi, nikacheka mpaka nikasahau kuzima kipaza sauti na stendi nzima ikanisikia, na yeye akauona mwanya wangu wa meno ya mbele, kesho yake akarudi akauliza swali lile lile, na keshokutwa vile vile, na wala hakuwa anasafiri kwenda popote. Huo mwanya, Shangazi, anausifia mpaka mbele ya mama yangu, hadi naona haya, na kazini kwake wakija watu wanaotaka kuziba mianya yao yeye huwaambia wakafikirie kwanza wiki nzima, ndipo warudi.

Sasa mimi nacheza mpira wa magongo, timu ya wanawake, mazoezi jioni mbili kwa wiki na mechi Jumamosi. Ni beki wa kati na ni kapteni, wananiita Spika kwa sababu nikipiga kelele hata refa hugeuka. Wifi yangu naye yumo, mdogo wake Fundi, anacheza pembeni kulia, jina lake uwanjani ni Chiriku na ukikaa naye dakika moja utajua kwa nini, ni mwalimu wa chekechea, na Fundi ndiye aliyemlea tangu wazazi wao walipofariki, kwa hiyo kwake ni mdogo na ni mtoto pia.

Mwaka jana tulicheza mechi moja ambayo mpira uliruka ukampata dada mmoja wa timu pinzani mdomoni, yakatoka meno mawili na damu ikajaa fulana yote, na Fundi alikuwa ukingoni anatazama, akarudi nyumbani hakula, kisha akasema, "Mke wangu, mimi kila siku natengeneza meno ya watu waliokwisha kuyapoteza, kwa nini nisitengeneze kitu cha kuyalinda yaliyopo?" Basi akaamua kututengenezea sote kumi na tano kinga za meno, kile kiplastiki laini kinachovaliwa kwenye meno ya juu kama wanavyovaa mabondia. Akaja na ndoo na vibakuli vyake, akatuketisha mmoja mmoja kwenye benchi la chumba cha kubadilishia nguo, akatujaza mdomoni ule ujiuji wa kuchukulia alama za meno, Chiriku akatokwa na machozi, si kwa maumivu bali kwa kukaa dakika mbili nzima bila kuongea. Kutoka kwenye alama zile akamwaga plasta akapata mataya yetu ya plasta, na juu ya kila taya akalaza plastiki iliyopashwa moto na mashine yake ikaivuta chini mpaka ikashika kila jino. Yangu aliifanya ya mwisho, akaikawiza kuliko zote, rangi ya timu, na ndani yake akaweka kinyota kidogo cha dhahabu ambacho wenzangu hawakuwekewa, wakanitania mwezi mzima.

Siku ya kwanza nimeivaa, Shangazi, niliona nyota za mchana. Hapo juu kabisa, kati ya meno mawili ya mbele, pale penye kale kauzi ka nyama kanakoshika mdomo na ufizi, panachoma kama mtu amepawekea ukucha na anaukandamiza. Na sauti yangu, ambayo ndiyo kazi yangu na ndiyo ukapteni wangu, ikapotea, nikipaza sauti "Rudi nyuma, funga kati!" inatoka kama ya mtu mwenye uji wa moto mdomoni, mabeki wangu wananitazama tu, kipa anauliza "Nini?", tukafungwa bao la kijinga. Mapumziko nikamfuata Fundi pale kwenye uzio, amesimama na pakiti yake ya maziwa mkononi (nitakueleza habari ya maziwa), macho yanamng'aa kama mtoto aliyeleta cheti cha shule, akaniuliza, "Inakaaje?"

Nikamwambia, "Kama nimezaliwa nayo."

Kipindi cha pili nikaitoa nikaitia kwenye soksi, nikapata sauti yangu, tukasawazisha, na tangu siku hiyo kwa miezi mitano kinga yangu imekuwa ikicheza mpira ndani ya soksi ya kushoto. Baada ya kila mechi naingia bafuni pale uwanjani, naiosha mavumbi, naivaa naitafuna kidogo ipate alama, naiweka kwenye kiboksi chake ikiwa mbichi. Na Fundi kila Jumamosi akifika nyumbani anaichukua na lenzi yake anaikagua, siku moja akaniambia, "Unasaga sana upande wa kushoto, mke wangu. Una mawazo gani?" Akaanza kunikanda taya la kushoto kila jioni kwa kitambaa cha moto, na kunitengenezea chai, na kuniuliza kama kazini kuna mtu ananisumbua, na mimi nimekaa nakandwa, Shangazi, nakandwa taya lisiloumwa na mtu asiyejua, nikawa nalia kimoyomoyo na yeye akaongeza maji ya moto.

Na uongo hauna adabu, haukai peke yake. Kapteni akitoa kinga, nani atavaa? Kwanza alitoa kipa, ambaye kumbe hata hahitaji udhuru maana ana kofia yake ya chuma, kisha mabeki, kisha wa kati, mpaka ikawa refa akipuliza filimbi tunainama wote kama tunafunga kamba za viatu, kinga zinaingia soksini. Hatukuwahi kulizungumza. Chiriku ndiye aliyekuwa wa mwisho kutoa, alivumilia mwezi mzima kwa heshima ya kaka yake, akaja kuniuliza, "Wifi, na mimi nitoe?" nikamwambia, "Fanya unavyoona," na kila mtu anajua maana ya maneno hayo yakitoka kwa kapteni.

Wiki tatu zilizopita Chiriku alikuwa anakimbilia mpira pembeni, beki wa upande wa pili akageuka na gongo juu, wala hakukusudia, likampata mdomoni. Nilisikia mlio wake nikiwa katikati ya uwanja. Na hapo ndipo habari ya maziwa, kwa sababu Fundi kila mechi huja na pakiti ya maziwa baridi, tulikuwa tunamwita Muuza Maziwa na kumuuliza ng'ombe hajambo, naye anatabasamu tu, na siku hiyo aliruka uzio na umri wake ule, akapiga magoti kwenye nyasi akapapasa akalipata jino, la mbele, zima na mzizi wake, akalishika kwa ule upande wa kutafunia tu, mtu mmoja akataka kulisugua kwa maji ya bomba akamfokea, na mimi sijawahi kumsikia akifoka, akalitumbukiza kwenye maziwa, ndani ya nusu saa tukawa kliniki, daktari akalirudisha mahali pake na kulifunga kwa waya kwenye majirani zake. Daktari anasema linaelekea kushika lakini hawezi kuapa, litaangaliwa kwa miezi. Watoto wa chekechea wanamuuliza mwalimu kwa nini ana uzio mdomoni.

Sasa sikia dhambi yangu yenyewe, hayo mengine yote ni utangulizi. Pale kliniki, Chiriku amejaa pamba mdomoni, Fundi akamshika mkono akamuuliza, "Mdogo wangu, ulikuwa umeivaa?" Chiriku hakuweza kujibu, akanitazama mimi. Na mimi, mbele ya mume wangu, nikasema, "Alikuwa ameivaa."

Fundi akatikisa kichwa taratibu, akasema, "Basi ni mimi."

Tangu siku hiyo sina mume, nina mtu anayetafuta kosa lake. Amezikusanya kinga zote, anazipima unene, moja ameikata vipande kwa mkasi, Jumapili yuko kazini, chakula anakigusa tu. Juzi alikuja na kinga ya Chiriku mkononi akaniambia, "Haina hata mkwaruzo. Pigo lile lilipita wapi?" Yaani ushahidi wote anao mkononi, ila haoni, kwa sababu ili auone lazima kwanza afikirie kwamba mke wake ni mwongo, na hilo halimpiti kichwani. Amesema hatatengeneza tena kinga ya mtu yeyote. Amesema, "Nimemuumiza mdogo wangu kwa mikono yangu mwenyewe." Na Jumamosi ijayo tuna mechi, safari hii hatuna hata za kuficha soksini.

Nimewauliza wenzangu. Chiriku anasema, kwa ile sauti yake ya waya, "Wifi, tuyafukie, kaka akijua kwamba uliteseka na kinga yake ataumia zaidi." Kipa anasema nimwambie kwamba ilichomoka tulipogongana, hapo hana kosa yeye wala sina mimi. Alhamisi nilimpelekea Fundi chakula cha mchana nikiwa nimeamua kusema kweli, nikamkuta ametandika magazeti mezani kama kawaida yake, na gazeti lako likiwa la juu maana hulisoma kwanza ndipo alichafue, na kwenye rafu mataya yetu yote ya plasta yamejipanga, ya wenzangu yana nta ya waridi hapa na pale katikati ya meno, yangu peke yake hayako kwenye rafu, yako mezani karibu na dirisha, meupe safi bila tone la nta, labda kwa sababu anajua napenda usafi. Akaona nayatazama akasema, "Haya ndiyo nasalimiana nayo asubuhi." Nikaweka chakula nikaondoka, nikafika stendi nikatangaza basi la kwenda kaskazini kwenye mlango wa kusini.

Shangazi, nikisema kweli nampoteza anayeniamini, nisiposema nampoteza huyu fundi. Nifanye nini?

Ni mimi, Kapteni wa Soksi.

*

Kapteni wa Soksi, marahaba.

Nimekusoma mpaka mwisho kama ulivyoniomba, na sijakuchukia. Nimekupenda, kusema kweli, wewe na huyo Muuza Maziwa wako. Lakini kupendwa hakukuponyi na mimi, kwa hiyo kaa vizuri kwenye kiti hicho cha stendi na uzime kipaza sauti.

Umenishangaza kwa bidii. Wengine wakidanganya husema neno moja wakaondoka. Wewe umekuwa ukiingia bafuni kila Jumamosi kutengeneza ushahidi! Miezi mitano umetafuna plastiki ili usivae plastiki. Nguvu hizo ungezitumia kusema maneno mawili tu, "Fundi, inaniumiza," leo Chiriku angekuwa anaimba na watoto wake bila waya. Na taya ulilokubali likandwe, hilo nitakusamehe mwakani.

Najua utanijibu kwamba ulimstahi. Ulimwona na furaha yake pale kwenye uzio ukashindwa kuizima. Ninaelewa, mama, na hakuna aliyeolewa ambaye hajawahi kusifia kitu kibaya alicholetewa kwa mapenzi. Mimi nilivaa viatu vya saizi ndogo miaka miwili. Ila kiatu kikinibana naumia mimi. Wewe ni kapteni, watu kumi na wanne wanatazama mguu wako uko wapi ndipo waweke wao. Ulipomwambia wifi yako "fanya unavyoona" ulikuwa unajua vizuri kabisa anaona nini. Wahenga walisema mficha maradhi kilio humfichua, na kilio chenyewe umekisikia ukiwa katikati ya uwanja.

Mawaidha ya kipa yatupe. Mtu ambaye tayari ana kofia ya chuma asikushauri habari za meno. Ukimwambia Fundi kinga ilichomoka, atakachosikia ni kwamba aliitengeneza ikiwa imelegea. Utakuwa umemtoa kwenye kosa moja ambalo si lake na kumtia kwenye jingine ambalo si lake. Na Chiriku naye mwambie namwombea jino lake lishike, lakini ya kufukia afukie kwenye bustani ya chekechea.

Sasa nikupe habari ambayo hukuniuliza. Mimi si daktari wa meno. Kwa hiyo barua yako nikaitia mkobani, nikampelekea mama mmoja anayenitibu meno yangu haya yaliyobaki, ambaye ana miaka zaidi ya thelathini kwenye kazi hiyo na hana masihara. Akavaa miwani akasoma. Alipofika kwenye mataya ya plasta akarudi nyuma akasoma tena. Kisha akakaa kwenye kiti cha wagonjwa, yeye mwenyewe, akacheka mpaka akavua miwani.

Akaniuliza, "Umeona wenzake wana nta katikati ya meno na yeye hana?"

Nikasema nimeona, anapenda usafi.

"Usafi gani!" akasema. Akanieleza hivi, nami nakueleza kama nilivyoelewa. Kabla fundi hajalaza plastiki juu ya plasta, kila penye tundu au mwanya huwa anapajaza kidogo, kwa nta au kwa plasta yenyewe, ili plastiki isizame humo. Asipopajaza, plastiki inaingia ndani ya mwanya, inafanya kijiwembe kidogo kinachosimama kati ya meno mawili, na kijiwembe hicho kinachoma pale pale uliposema, kwenye ufizi na kale kauzi ka nyama. Tena kinaizuia kinga isikae chini vizuri, inabaki imeinuka kidogo, ulimi unagombana nayo, na kapteni anatoa sauti ya uji wa moto.

Nikamwambia basi Fundi alisahau. Akanitazama kama nimemtukana mtu wa ukoo wake. "Fundi aliyekumbuka kwa watu kumi na wanne hasahau kwa mkewe, tena ile aliyoifanya ya mwisho na kuikawiza kuliko zote. Hakusahau huyo. Alishindwa."

Umeelewa, Kapteni? Mtu anayewatuma wagonjwa nyumbani wakafikirie wiki nzima kabla ya kuziba mianya yao, alikaa na mwanya wako mbele yake, wa plasta tu, na kijiti chenye nta mkononi, na mkono ukakataa. Hayo ni makisio yetu sisi wazee wawili kwenye chumba cha meno, na mwenye kukubali au kukataa ni yeye. Lakini kama tumekisia sawa, basi wewe ulimficha maumivu kwa sababu unampenda, na maumivu yenyewe yalianza kwa sababu anakupenda, na katikati yenu wifi wa watu akapoteza jino. Mapenzi yenu matamu, ila yanahitaji msimamizi.

Basi fanya hivi, na ufanye leo. Umesema mwenyewe kwamba mumeo hutandika gazeti letu mezani na kwamba hulisoma kwanza. Fundi gani mwingine hapa duniani ana mke mtangazaji wa mabasi, dada mwenye waya mdomoni na pakiti ya maziwa? Atajijua kabla hajafika aya ya tatu. Omba mwenzako akushikie dirisha, panda chochote kinachotembea, ufike pale kliniki kabla ya ukurasa huu. Kweli yako aisikie kwako, asije akaisoma kwangu.

Ukifika usianze na machozi, maana ataacha kila kitu akutafutie kitambaa na utapata nafasi ya kukimbia tena. Anza na lile kubwa. Mwambie, "Chiriku hakuwa ameivaa. Mimi nilisema uongo. Wote hatukuwa tumevaa, na mimi ndiye niliyeanza." Halafu nyamaza. Najua kwako wewe hilo ni gumu kuliko mechi, lakini nyamaza. Akikasirika mwache akasirike, ana haki yake, na hasira ya siku mbili ni afadhali kuliko huzuni ya maisha. Akiuliza na lile taya, jibu. Usimwambie kwamba Shangazi amesema na yeye ana kosa. Hilo atalifikia mwenyewe ukishafanya jambo la pili.

La pili ni hili. Ivae kinga yako mbele yake, kama bado hajaikata, inua mdomo wa juu, weka kidole pale panapochoma, useme, "Hapa." Nina hakika nitaipata barua yake na yeye.

Ukishatoka kwa Fundi, nenda kwa wifi yako ukamwombe radhi bila ya kuweka "lakini" mbele wala nyuma. Kisha kazungumze na timu. Usiwahutubie, wamekusikia vya kutosha. Wewe vaa kwanza, wakiona, na usiinamie soksi. Kama kinga mpya hazijawa tayari Jumamosi ijayo, waambieni wenye mechi isogezwe, na wakikataa msicheze, pointi tatu si jino. Daktari wangu anasema kinga ikikaa sawasawa sauti hurudi, ila ulimi nao hutaka mazoezi: ivae nyumbani, soma gazeti kwa sauti kila siku mpaka Fundi akiwa chumba kingine akusikie. Ioshe kwa maji ya baridi, ikae kwenye kiboksi chenye matundu, mbali na jua. Na ikiumiza, inasemwa siku hiyo hiyo, kwa sababu kinga inayoumiza inaishia soksini, na soksi haina meno ya kulinda.

Ninyi wasomaji wengine mnaocheka, angalieni mlichojifunza kwa Muuza Maziwa. Jino la mtu mzima likitoka, lishikwe kwa upande wa kutafunia, mzizi usiguswe wala usisuguliwe, litiwe kwenye maziwa, na mbio kwa daktari, kila dakika ina thamani. Kesho nunueni pakiti moja mkae nayo uwanjani, na mkiulizwa ng'ombe hajambo, semeni hajambo.

Nakurudia wewe, Kapteni. Mtakapomaliza kulaumiana, kaa naye pale mezani karibu na dirisha, achukue meno yako ya plasta, na wewe mwenyewe umpe nta. Mwambie auzibe mwanya. Mkono ukikataa tena, ushike, uusogeze pamoja naye. Na akimaliza, akiwa ameinamia lile taya kwa uchungu kama aliyeharibu kitu, muulize basi la saa nne linaondoka saa ngapi. Atainua kichwa. Hapo cheka, Spika, cheka kwa sauti yako yote, auone ule wenyewe kwamba haujaenda popote.